Pigo la Tatu la Msumari wa Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkanda unaanza kutembea, na machungwa ya kwanza ya siku yanashuka yakiwa bado na unyevu wa shambani. Remei Sendra, mwenye umri wa miaka 63, amesimama mahali pake, meza ya kumi na moja kutoka mlangoni, aproni ya kijani kiunoni, glavu za pamba zilizokatwa vidole mikononi. Mkono wa kulia unachagua, wa kushoto unapanga. Sanduku la kadibodi likijaa analisukuma mbele kwa kiganja, na kabla hajavuta jingine anagonga ukingo wa meza kwa kifundo cha kidole. Mbili. Mbili. Mbili. Tatu.

"Usimuulize anafanya nini," anasema Tonica Bru, jirani yake wa meza ya kumi na mbili, mwenye miaka 66 na mdomo usiojua likizo. "Anapigilia misumari. Misumari yenyewe iliondoka hapa mwaka 1986, yeye bado anapigilia tu. Ana kichaa, ila kichaa chake kina adabu."

"Chunga mdomo wako na machungwa yako, shoga," Remei anamjibu bila kugeuka. "Hilo la tatu limeoza. Unataka kuwaua Wajerumani watakaolila?"

Mabinti wa meza za mbele wanacheka. Hili ndilo ghala la Benifaldó, na ni katika kelele zake ulikozaliwa muziki ambao mwezi huu umeugawa mji wetu vipande viwili, wakati mji wenyewe ulikuwa tayari vipande viwili.

Muziki huo unaitwa Misumari Minne. Ni kazi ya dakika kumi na moja kwa bendi ya ala za kupulizwa, ila wanaokaa mbele si wapuliza klarineti wala tarumbeta. Mbele wanakaa watu sita wenye dramu, matoazi, timpani na nyundo, kila mmoja na kreti lake la mbao, na bendi nzima nyuma yao inawafuata wao. Jumapili hii Bendi ya Chini, moja ya bendi zetu mbili, inaupeleka kwenye mashindano ya mkoa. Aliyeutunga ni Remei. Wanaoupiga ni Remei, Tonica na wenzao wanne, wote watu wa ghala. Na hao sita, kamati ya bendi imewapa tiketi za mstari wa mbele, wakae, watazame, wapige makofi.

Nyundo, barua ikasema, zingeshikwa na vijana sita wa kukodi kutoka mji mkubwa.

Niliisoma barua ya kamati mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea kuisoma. Sikukosea.

Baba yake Remei, marehemu Pasqual, alikuwa fundi wa makreti katika ghala hili hili. Wakati huo machungwa yalisafiri ndani ya mbao, kila moja limeviringishwa kwenye karatasi nyembamba yenye picha. Kila upande wa kreti ulifungwa kwa misumari minne. Mitatu iliingia kwenye mbao laini, mapigo mawili yalitosha. Wa nne uliingia kwenye nguzo ya pembeni, mti mgumu, nao ulidai pigo la tatu.

"Baba alikuwa akisema, ukimnyima wa nne haki yake, kreti litaondoka hapa zima na litafunguka baharini," anasimulia Remei. "Mpokeaji hatajua ni nyundo ya nani. Wewe utajua."

Desemba ya mwaka 1976, msimu umepamba moto, Pasqual alivunjika mkono. Nyundo aliichukua binti yake wa miaka kumi na minne. Wanawake walichagua, waliviringisha karatasi, walipanga. Hakuna aliyewahi kupigilia. Msimamizi alikubali kwa sharti moja.

"Aliniambia, 'Piga, binti, lakini mnunuzi akiingia ruka nyuma ya makreti, asikuone.' Basi nikawa naruka. Msimu mzima naruka kama panzi! Makreti yangu yakawa yanakwenda Hamburg, mwenyewe nimechuchumaa nyuma ya mbao napumua vumbi."

Anacheka anapolisema hilo. Mimi sikucheka, maana karibu miaka hamsini imepita na bado kuna mtu anamwambia aruke nyuma ya makreti.

Benifaldó ina watu elfu nne na bendi mbili, ya Juu na ya Chini, kila moja na ukumbi wake, baa yake na wazee wake wa karata. Watu wa bendi hizi mbili wanaweza kuoana, kuzikana na kuazimana trekta, lakini bendi ni bendi. Remei alizaliwa mtaa wa chini, akakua akisikiliza mazoezi kutoka kwenye ngazi za ukumbi, kwa kuwa ndani wasichana hawakuruhusiwa. Mwaka 1981 mlango ulifunguliwa. Si kwa huruma. Vijana walikuwa jeshini na matoazi hayakuwa na mtu. Remei akayabeba, ana miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ambalo kila mtu wa mtaa wa chini analijua na hakuna anayelizungumza mbele yake.

Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, mwezi wa Novemba, bendi hutoka ukumbini ikipiga, ikapita mtaa kwa mtaa, ikasimama kwenye mlango wa kila mwanamuziki mpya. Familia huwa imetandika meza nje, vikeki vya viazi vitamu na divai tamu. Bendi inampigia mwenzao mpya wimbo mmoja, anatoka na chombo chake, anapewa nafasi kwenye mstari, na bendi inaondoka ikiwa imeongezeka mtu mmoja. Kwetu sisi, mpaka bendi ikuchukue mlangoni kwako wewe si mwanamuziki. Ni mtu mwenye chombo tu.

Mama yake Remei alioka sinia mbili. Alitandika kitambaa cha harusi yake.

"Tulizisikia ngoma zinakuja, zinakuja," anasema Remei. "Zikafika kwenye kona ya chemchemi. Halafu tukazisikia zinakwenda."

Bendi haikugeuka kuingia mtaani kwao. Baadaye kamati ya wakati huo ilieleza kwamba orodha ya wanamuziki wapya ilikuwa na jina lake, lakini namba ya nyumba ilisahaulika.

"Mji wa watu elfu nne!" Tonica anadakia, na safari hii hana mzaha usoni. "Mpiga tromboni wao wa kwanza alikuwa binamu wa mama yake! Jumapili iliyotangulia alikula wali mezani kwao! Leo hajui nyumba?"

Remei alitembea peke yake hadi kanisani, matoazi kwapani. Vikeki vililiwa nyumbani wiki nzima. Mama yake hakuonja hata kimoja.

Angeweza kuacha. Hakuacha, na kwa miaka arobaini na minne amesimama nyuma ya bendi hiyo, kwanza na matoazi, kisha na dramu kubwa. Ndiye pia anayetunza ufunguo wa kabati la noti za muziki. Hakuna mazishi, maandamano wala sherehe ya mji huu ambayo mkono wake haukuipigia.

Kadibodi iliingia ghalani mwaka 1986, na mafundi wa makreti wakaambiwa kwaheri. "Siku ile nilisimama katikati ya ghala nikasikia mkanda tu, vuuu, vuuu," anasema. "Nikaingiwa na hofu. Nikajiambia, sauti ile ikitoka kichwani mwangu imekwisha duniani."

Ilibaki kichwani kwa miaka mingi, kwa sababu hakujua kuandika noti. Matoazi na dramu alijifunza kwa sikio. Alipotimiza miaka arobaini alijiandikisha kwenye darasa la watoto la bendi, akakaa kwenye kiti kidogo magoti yakiwa karibu na masikio, katikati ya wanafunzi wa miaka minane. Kisha akaanza kuandika. Muda aliokuwa nao ni ule wa mlo wa saa tatu na nusu asubuhi, dakika ishirini na tano ambazo hapa ghalani hata tajiri hathubutu kuzigusa. Wenzake wakila mkate wenye mayai ya kukaanga na zeituni, yeye alila kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, nyuma ya karatasi za zamani za kuviringishia machungwa. Alikuwa nazo marundo, urithi wa baba.

Miaka kumi na mmoja. Kwa ujira wa euro nane na senti tisini kwa saa, Oktoba mpaka Mei. Miezi mingine anasafisha vyumba vya watalii huko ufukweni. Nalitaja hilo ili anayesema sanaa inahitaji utulivu aje ajaribu.

Misumari Minne inaanza na hewa tupu. Wapuliza klarineti wanapuliza bila kutoa noti, na unasikia karatasi zikiviringishwa. Tuba, baragumu zile nene, zinaingia chini taratibu, ndiyo mikokoteni ya machungwa inayowasili. Timpani zinanguruma, dramu ndogo inajibu, sauti inapanda mpaka ukumbi unatetemeka, kisha ghafla bendi yote inanyamaza. Ukurasa huo kwa wapulizaji ni mweupe. Umeandikwa maneno mawili tu: Sikiliza nyundo.

Kwa dakika mbili zinasikika nyundo sita juu ya makreti sita, zikipishana, zikikutana, zikiachana. Hazina noti. Remei hakuziandika kamwe, kwani alizitunga kwa ajili ya watu wanaozijua.

"Ningemwandikia Tonica jinsi ya kupigilia?" ananiuliza. "Mbona pia nisimwandikie jinsi ya kusengenya?"

Na pale msumari wa nne wa kreti la mwisho unapopata pigo lake la tatu, juu ya pigo hilo hilo, bila ishara ya kiongozi, wapulizaji sabini wanaingia kwa pamoja.

Nilikuwepo Novemba iliyopita ulipopigwa mara ya kwanza. Kiongozi wa zamani, aliyeshika bendi miaka thelathini na mmoja, aliweka fimbo yake chini kwenye ukurasa ule na kukunja mikono. Katika ukumbi, wanawake waliowahi kufanya kazi ghalani walianza kugonga visigino sakafuni, mbili, mbili, mbili, tatu, bila kuambiwa na mtu. Bendi ilipoingia, watu walilia waziwazi. Mwenyekiti wa Bendi ya Juu mwenyewe alionekana amesimama, na hilo kwetu ni sawa na theluji mwezi wa Agosti.

Krismasi kiongozi yule alistaafu. Januari akaja kiongozi mpya, Guillem Tortajada, miaka 34, kijana msomi wa chuo cha muziki, mpole, mwenye shati lililonyooka. Na Februari ikaja barua.

Inabidi niseme ukweli kuhusu mtindo huu wa kukodi, kwa sababu bendi zetu zinaufanya na kuuonea aibu, kisha zinaufanya tena. Mwanamuziki anayelipiga baragumu lake bure mwaka mzima, mvua na jua, siku ya mashindano anaambiwa ampishe mtu ambaye hajui hata choo cha ukumbi kiko wapi. Bendi ya Juu ilifanya hivyo mwaka jana ikarudi na kikombe. Basi ya Chini nayo ikaona wivu.

Mwenyekiti wa Bendi ya Chini, Evarist Lloret, ni wakala wa bima. Nilimkuta ofisini kwake na akanipokea kwa kahawa.

"Dada yangu, mimi nampenda Remei kama mama yangu," alisema. "Lakini haya ni mashindano, si sherehe ya wajukuu. Majaji wanatoka mbali. Wakiona mbele wamekaa mabibi wanne na wazee wawili na nyundo, wataandika nini?"

Nikamuuliza kama majaji hao wanaandika kwa macho au kwa masikio.

"Usiniletee maneno ya magazetini," alisema. "Tumewapa tiketi za mstari wa mbele. Hata meya hapati hizo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa mgeni ameletwa kwa euro mia tatu kila mmoja ili mwenyeji atolewe nje, tena atoe na shukrani.

Alhamisi iliyopita, saa moja jioni, vijana sita wa kukodi walifika ukumbini kwa mara ya kwanza. Remei alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha nyuma karibu na kabati la noti, kwa kuwa bila ufunguo wake hakuna anayesoma chochote. Tonica alikuja bila kualikwa, akasema amekuja kunywa maji.

Kwa kuwa nyundo hazikuwa na noti, Maestro Guillem alikuwa amesikiliza rekodi ya simu ya Novemba na kuziandika mwenyewe. Aliziandika vizuri, kwa mwandiko safi. Na alipofika kwenye msumari wa nne alisikia pigo linalozidi. Yote minne ingepaswa kuwa sawa, alifikiri; mbili mara nne ni nane. Akahukumu kwamba ni mkono wa mzee uliopotea. Akalisahihisha.

Ukumbi ukaanza. Hewa ya klarineti, tuba, timpani, mngurumo, kimya. Vijana wakainua nyundo. Lazima niwape haki yao: walipiga sawasawa, safi, hakuna nyundo iliyomkanyaga mwenzake. Mbili, mbili, mbili, mbili. Wakafika kreti la mwisho. Mbili, mbili, mbili, mbili. Wakashusha nyundo.

Hakuna aliyeingia.

Watu sabini walikuwa na vyombo mdomoni na vifua vimejaa pumzi, wakimtazama maestro, naye akiwatazama. Mpiga tuba mmoja aliishiwa na hewa akakohoa.

"Mbona hamuingii?" akauliza maestro.

Mpuliza klarineti wa kwanza, baba wa watoto watatu aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka ghalani, alishusha chombo chake. "Tunasubiri msumari, maestro."

"Msumari gani? Wamemaliza yote minne."

"Wa nne bado haujaingia."

"Umeingia! Nane! Nimewahesabia hapa!"

"Maestro," akasema yule mtu taratibu, "hilo kreti ukilipakia melini litafunguka."

Tonica akapaliwa na maji yake. Mstari wa tromboni ukaanza kucheka, kisha nyuma yote. Maestro akawa mwekundu mpaka shingoni. Akarudia mara tatu. Mara tatu nyundo zilikwisha na mara tatu wapulizaji walikaa na pumzi zao, na wala hawakuwa wanagoma. Mwili ulikuwa unangoja pigo lisilokuja.

Ndipo kijana mmoja wa kukodi, Adrià, miaka 27, akauliza hadharani swali ambalo kamati nzima ilikuwa imelikwepa: "Samahani, hii alikuwa akiipiga nani?"

Vichwa sabini viligeuka kwenye kiti cha nyuma.

Adrià alivuka ukumbi na kreti lake mkononi, akaliweka mbele ya Remei, akapiga goti. "Mama, naomba unionyeshe."

Remei hakuinuka kwanza. "Mimi nina tiketi ya kutazama, mwanangu," alisema. "Mbona unataka kuniharibia mstari wa mbele?"

"Tafadhali, mama."

Akaichukua nyundo. Akapiga upande mmoja tu wa kreti, polepole. Pigo la tatu lilipotua, klarineti, tarumbeta, tromboni, tuba, sabini wote, waliingia. Hakuna aliyewaambia. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango na nilihisi mlango ukitetemeka mgongoni.

Adrià alirudi mbele, akaweka nyundo juu ya kreti na kumwambia mwenyekiti Evarist maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyo: "Tukikaa hapa wiki tatu tutajifunza, bwana. Ila sioni kwa nini tujifunze na wenyewe wapo." Kisha akavaa koti lake. Wenzake watano wakatazamana, wakavaa yao.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kwa watu wenye haya yangeishia hapo.

Ijumaa kamati ilikutana na kuja na kile ilichokiita suluhisho. Remei atapiga, kwa heshima ya utunzi wake. Wale watano watabaki na tiketi, na watatafutwa vijana wengine wa kukodi ambao Remei atawafundisha mwishoni mwa juma, bure. Evarist alimpelekea habari hizo yeye mwenyewe, ghalani, katika dakika ishirini na tano za mlo. Hata hizo hakuzihurumia.

"Akaniambia, 'Furahi, Remei, tumekurudisha,'" anasema Remei. "Nikamuuliza, na Tonica? Akasema Tonica ana mitetemeko ya mkono. Tonica anatetemeka kwa sababu ya miaka arobaini kwenye mkanda huu! Akishika nyundo hatetemeki. Angejua hilo kama angekuja kusikiliza hata siku moja."

"Alisema nina mitetemeko?" Tonica anauliza, mkate umesimama njiani. Hilo alikuwa hajalisikia.

Remei anamsogezea zeituni. "Nilikuwa sitaki ulijue, shoga."

"Shukrani ya punda," anasema Tonica kwa sauti ndogo, na haimalizi methali. Anaweka mkate chini. Nakiri kwamba hasira iliyonipanda pale ndiyo inayoandika makala haya.

Jibu la Remei kwa kamati lilikuwa fupi: sita au hakuna. Kanuni za mashindano zinataka saini ya mtunzi, kama yu hai. Remei yu hai, na hajatia saini.

Jumanne alasiri nimemkuta nyumbani, nyumba ile ile ya wazazi wake, jikoni, mikono imejaa unga. Fomu ya mashindano iko mezani, imekandamizwa na nyundo ya Pasqual, mpini wake umeingia weusi pale vidole vya watu wawili vilipoushika. Karibu yake kuna kilo sita za viazi vitamu.

Maestro Guillem alikuwa amekuja kabla yangu, peke yake, bila kamati. Remei anasema alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kioo, akaomba radhi. Alimwambia kwamba alilifuta lile pigo kwa sababu alidhani ni kosa.

"Nikamwambia, mwanangu, hukukosea kusikia. Ulisikia vizuri sana, ila ulijua ni watu gani wanaopiga, ukaamua wamekosea. Akainamisha kichwa. Akasema, 'Ndiyo, shangazi.' Ni kijana mzuri, atafaa. Nikamkalisha akala machungwa mawili."

Kisha akampa sharti lake, alibebe kwa kamati. Basi la kwenda mashindanoni linaondoka uwanjani saa tatu asubuhi ya Jumapili. Saa mbili, Remei, Tonica na wenzao wanne watakuwa nje ya mlango wa nyumba hii, wamevaa sare, na makreti yao. Meza itakuwa imetandikwa. Bendi ya Chini itoke ukumbini kwake ikipiga, ije mpaka hapa, isimame, iwapigie wimbo mmoja, iwachukue. Hapo hapo juu ya meza atatia saini.

"Na wasipokuja?" namuuliza.

"Wabaki na mbili mara nne yao, saini hawapati."

"Hutajuta? Ni miaka kumi na mmoja ya kazi."

Anaviringisha unga, anaukata, anaweka kijiko cha viazi, anakunja. Ana haraka kuliko swali langu. "Nitajuta," anasema. "Nitalia mpaka Pasaka. Unadhani mimi sitaki kuusikia kule, kwenye ukumbi mkubwa, na majaji? Nimeota hilo tangu nina mvi tatu. Lakini mara ile nilibeba matoazi yangu kwapani nikawafuata kwa miguu, peke yangu, nikajipanga nyuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alinitazama nikiondoka. Miaka arobaini na minne najiuliza kwa nini niliwafuata."

Jikoni pananukia mdalasini. Amepima unga wa watu sabini na sita: wapulizaji sabini na wale sita. Maestro, anasema, atagawana na yeyote atakayemhurumia.

Kwenye kabati kuna kitambaa cha meza kilichopigwa pasi, cheupe, chenye tarizi pembeni, kimegeuka manjano kidogo kwenye mikunjo. Sikuuliza ni cha harusi ya nani.

Nilipofunga daftari nikamwambia gazeti litatoka Ijumaa. Akapangusa mikono kwenye aproni, akanifuata mpaka mlangoni, akanishika kiwiko kwa vidole vya unga.

"Basi andika na hili, tena kwa herufi kubwa ikiwezekana," alisema. "Mtaa wa Tanuri la Chokaa, namba saba. Ukifika kwenye chemchemi, unageuka."